Farasi Aliyepewa Jina la Nchi



Sisi tuliokulia pwani tulimzoea punda. Farasi huko hakuenea: bara mbung'o walimwangamiza, na Unguja aghlabu alikuwa mnyama wa jamaa za kifalme. Watoto wetu wa hapa Malvern humwona amepandwa na polisi mjini, na nadhani wachache wameambiwa kwamba nchi hii ina farasi wake, aitwaye Farasi wa Kanada, na kwamba asili yake ni Ufaransa.

Mnamo mwaka 1665 Mfalme Louis wa Kumi na Nne alipeleka farasi Quebec kwa merikebu. Wengine walifia baharini. Waliosalimika walikabidhiwa wakulima kwa sharti: baada ya miaka 3, mkulima arudishe mtoto wa farasi au alipe livre 100, fedha ya Kifaransa ya zama zile. Mtoto huyo naye alikabidhiwa mkulima mwingine. Napenda sana busara ya sharti hilo, maana halikumfanya mtu ombaomba wala halikumwachia mmoja neema peke yake. Mwaka 1679 walihesabiwa farasi 145. Mwaka 1698 walikuwa 684.

Baridi kali, malisho haba na kazi nzito vikawachuja. Waliobaki walikuwa wafupi kiasi, wapana wa kifua, wenye singa nyingi za mawimbi, na nguvu zisizolingana na kimo chao. Wenyeji wakawaita farasi wadogo wa chuma. Wakapendwa mno, hata mwaka 1709 mtawala Raudot akakataza mkulima kuwa na zaidi ya farasi wawili na mtoto mmoja. Alichelea kwamba vijana, kwa kupanda farasi daima, watasahau kutembea juu ya theluji kwa miguu. (Wazee wa kila zama wana lao la kuwanung'unikia vijana.)

Katika karne ya 19 sifa yao ikawaponza. Wanunuzi wa Marekani waliwachukua kwa wingi, na vita vya huko vya 1861 hadi 1865 vikameza wengi. Waliobaki wakazalishwa na farasi wakubwa wa kigeni, damu ikachanganyika. Ndipo mwaka 1886 likafunguliwa daftari la nasaba yao, na mwaka 1895 kikaundwa chama cha wafugaji. Baadaye trekta likawanyang'anya kazi, na mwaka 1940 serikali kuu ikakifunga kituo chake cha kuwazalisha huko Saint-Joachim. Kufikia miaka ya 1970 hawakuzidi 400.

Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya kumtangaza kuwa farasi wa taifa. Ni heshima njema, lakini kwa maoni yangu aliyemwokoa ni mfugaji mmoja mmoja aliyeendelea kuandika katika lile daftari wakati hapakuwa na faida yoyote. Bila maandishi hayo, nani angejua yupi ni yupi?

Wafugaji hao wana desturi ambayo msomaji wetu ataitambua mara moja. Jina la mtoto wa farasi lina sehemu tatu: la zizi alikozaliwa, la baba yake, kisha lake mwenyewe, likianza na herufi iliyotengewa mwaka wa kuzaliwa. Hasha, simfananishi binadamu na mnyama. Ila nyumbani kwetu wapo watoto wasiolijua jina la babu wa baba yao, na farasi wa Quebec anaandikiwa la kwake.