Jina Bila Ujira, Ujira Bila Jina

Kijana wa Kenya anayetaka kuishi kwa kalamu leo hufunguliwa milango miwili. Wa kwanza una pesa lakini hauna jina. Wa pili una jina lakini hauna pesa. Washauri, na siku hizi wamejaa kweli, humwambia achague mmoja, avumilie, eti mambo yatajipa mbele ya safari. Mimi nasema milango yote miwili inamwingiza chumba kimoja, na ufunguo wa huo wa pili tunao sisi wapenzi wa fasihi. Atakayekasirika na akasirike, lakini anisome mpaka mwisho.

Tuanze na mlango wa pesa. Waulize wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi maana ya kuandika mtandaoni. Wengi hawatakutajia hadithi wala makala. Watakutajia kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, ripoti, hata tasnifu. Mwanafunzi analipa tovuti, tovuti inachukua chake, mwenye akaunti anachukua chake, na aliyekesha akiandika anabaki na makombo. Akaunti zenyewe huuzwa na kukodishwa kama vibanda vya sokoni, mara nyingi zikiwa na jina na picha ya mtu mwingine, maana mteja hatakiwi kujua kwamba msomi wake yuko Roysambu.

Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya kuwauzia wanafunzi wa England huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, anakutana na waandishi hao wa Nairobi. Kwa hiyo si siri tena.

Sitawahubiria maadili watu hao. Kodi ya nyumba haingoji mahubiri, na anayejivika shahada isiyo yake ni yule aliyenunua insha. Hoja yangu ni ya kiandishi. Leo mtu anaandika maneno elfu tatu juu ya uuguzi, kesho sheria za bahari, keshokutwa Shakespeare. Baada ya miaka mitano amejaza kurasa nyingi kuliko waandishi wengi tunaowashangilia, na hana hata moja ya kumwonyesha mhariri. Haruhusiwi hata kusema aliandika. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wenzangu waliokuwa katika kazi hiyo walianza kulalamika kwamba oda zinapungua. Ndipo wakaona kwamba hawakuwahi kuwa na wateja. Mteja wa mtu asiye na jina hakumbuki mtu, anakumbuka bei tu. Akipata bei ya chini zaidi, hata kama ni ya mashine, anahama bila kuaga.

Majukwaa ya halali nayo si mteremko. Kwenye Upwork, kuomba kazi kunataka tiketi ambazo tangu 2019 zimekuwa zikiuzwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja hula kadhaa. Kwa hiyo anayeanza, ambaye hana hata tathmini moja ya mteja, analipia kukataliwa. Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mradi wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Kufundishwa kujisajili ni vyema. Lakini mafunzo ambayo hayamwambii mwandishi kwamba jina lake ni mali, yanamwandaa kuwa kibarua tu.

Sasa tuje kwenye mlango wa jina. Huu ni wetu, na hapa nataka tutazamane usoni.

Miaka michache nyuma, mhariri wa jarida moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja, aliniomba uhakiki wa riwaya. Maneno elfu mbili, ndani ya siku nne. Nilipouliza malipo akanijibu, "Ndugu yangu, hii ni kazi ya mapenzi." Nikamuuliza kama aliyewachorea nembo alilipwa. Alilipwa. Na tovuti? Inalipiwa kila mwezi. Na yeye mwenyewe? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ana posho. Basi katika jarida zima, mapenzi yalikuwa yameniangukia mimi peke yangu.

Nenda kwenye tamasha lolote la fasihi. Mwenye hema amelipwa, tena nusu kabla hajachomeka nguzo. Mwenye spika amelipwa. Mpishi amelipwa, na angekasirika kweli mtu akimwambia pilau yake itamtangaza. Mshairi, ambaye bila yeye hakuna tamasha, anapewa fulana na chupa ya maji, na picha yake inawekwa mtandaoni. Eti tumemkuza!

Hicho ndicho kipimo changu, na ni chepesi. Kama katika kazi hiyo hakuna anayelipwa, huo ni ushirika wa marafiki, na mimi mwenyewe nitaingia nikiwa na nafasi. Kama wote wanalipwa isipokuwa mwandishi, tusiite mapenzi. Tuite jina lake, ni unyonyaji.

Najua majibu yenu, nimeyasikia sana. La kwanza ni kwamba wakubwa wetu hawakuandika kwa pesa. Mtamtaja Shaaban Robert. Sawa. Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha ya Tanganyika kuanzia 1926 hadi 1944. Alikuwa na mshahara wa serikali mwisho wa mwezi alipokuwa akitunga usiku. Kezilahabi alikuwa mwalimu, kisha mhadhiri. Watu hao walijilipia uandishi wao kwa ajira nyingine. Anayeanza leo kwa kujitegemea hana forodha wala chuo nyuma yake. Ukimpa mfano wa Shaaban Robert bila kumpa mshahara wa Shaaban Robert, unamdhihaki.

La pili ni kwamba siku hizi kuna tuzo. Zipo, na nazishukuru. Ile ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, sasa ni Safal-Cornell, na Tanzania ilianza kutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere mwaka 2023. Lakini tuzo ni mvua ya masika, huwanyeshea wachache mara moja kwa mwaka. Mwandishi wa kujitegemea anahitaji bomba, hata kama maji yake ni membamba.

La tatu ndilo zito: hatuna pesa. Hili naliamini, kwa baadhi yetu. Lakini asiye na pesa anaweza kusema ukweli. Aandike kwenye tangazo lake, kwa herufi zinazosomeka, kwamba malipo ni sufuri. Aache neno "fursa". Asidai hakimiliki ya kazi asiyoilipia, wala asimpe mtu siku nne kama mwajiri. Na akipata shilingi mia tano, ampe mwandishi kabla ya kulipia tangazo la Facebook. Wengi wetu hatuna pesa kwa mwandishi tu. Kwa mambo mengine huwa zinapatikana.

Haya si mambo ya kuiga Ulaya. Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho: jina, nasaba, pengine mwaka na idadi ya beti. Malenga wa magazetini walitia sahihi zao za kishairi na kumalizia kwa sanduku la posta, wajulikane na wajibiwe. Sheria nazo zipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Tanzania ya 1999 zinamtambua mwandishi kuwa na haki ya kutajwa kwa kazi yake na pia haki ya kufaidi matumizi yake. Haki hizo ni mbili, na kumpa moja hakukuondolei deni la nyingine.

Kwa anayeanza, basi, ushauri wangu ni huu. Sampuli za kazi andika, tena kwa bidii, lakini ziweke kwako, kwenye ukurasa wako, kwa jina lako. Sampuli ni duka lako, si sadaka ya kumjazia mwingine tovuti. Usikimbilie Kiingereza tu kwa kuwa ndiko kuliko na dola. Huko unashindana na dunia nzima. Kiswahili sanifu chenye uhai hakipatikani kila mahali, na tafsiri, manukuu ya filamu na uhariri ni kazi zinazofanyika ukiwa Kisauni au Kitale ilimradi mtandao upo. Kabla hujaandika neno moja, patana kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp: maneno mangapi, bei gani, utarekebisha mara ngapi, pesa zinaingia lini, na jina linakaa wapi. Mteja mgeni atoe nusu kwanza, kama anavyompa fundi nguo na mwenye hema. Na akitaka jina lako liondoke, mwambie bei inapanda, maana hapo ananunua vitu viwili.

Atakwambia unajiona. Mwache aseme. Wengine watakukimbia, na miezi ya mwanzo itakuwa na njaa, sitakudanganya. Lakini mteja anayekimbia akisikia neno "nusu kwanza" hakuwa na nia ya kulipa ile nusu ya pili.

Nasi wahariri, wenye blogu, waandaaji wa matamasha, tuache kuandika kila mwaka makala ya kuomboleza kwamba vipaji vya Kiswahili vimepotelea wapi. Tunajua vilipo. Viko macho saa nane za usiku, vinamwandikia kwa Kiingereza insha kijana wa Ohio, kwa sababu yule angalau analipa. Kabla ya kutuma makala hii niliuliza malipo, nikajibiwa kiasi, tukapatana, na hakimiliki imebaki kwangu. Si pesa nyingi. Lakini mazungumzo hayo hayakuchukua hata dakika kumi, kwa hiyo asije mtu akaniambia hayawezekani. Tangazo lenu lijalo la kuomba kazi za waandishi chipukizi litaje kiasi. Nitalisoma.