Maji ya Nyumba ya Mungu na Itikadi za Wenye Mamlaka

Itikadi ya siasa, hata ikiwa na maneno mazuri namna gani, haina budi ipimwe kwa amali yake: ikishatangazwa, ni mfereji wa nani unaofungwa, na ni mitambo ya nani inayopewa maji. Sioni mahali panapofaa mtihani huo kuliko Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililokamilishwa mwaka 1965 chini ya milima ya Upare, ambapo Kikuletwa na Ruvu hukutana na kuwa mto Pangani.

Tangu kale Wapare wana ndiva zao, mabwawa madogo ya udongo na mawe huko mlimani, ambayo hujazwa usiku kwa maji ya kijito, na asubuhi huzibuliwa ili maji yateremke mferejini, shamba hadi shamba, kwa zamu inayosimamiwa na wazee. Huo ni utawala kamili, wenye kanuni na hukumu, ila haukuandikwa katika daftari la dola.

Zama za Ujamaa, sheria ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri. Tamko hilo lilikuwa na insafu ndani yake, maana humzuia tajiri asiuhodhi mto. Lakini mkulima wa ndiva alijikuta akitakiwa kuomba kibali cha maji aliyorithi kwa babu zake. Miaka ya 1990 soko likatukuzwa, mkopo wa Benki ya Dunia ukaja, maji yakahesabiwa kuwa kitu chenye bei, na mkulima yule yule akadaiwa ada. Itikadi mbili zilizopingana katika kila jambo zilikubaliana katika hili moja, kwamba mwenye kauli juu ya maji ni serikali, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani itangulizwe.

Hila hii ya wenye mamlaka, ya kuyavika matakwa yao maneno mazuri, Wapare waliijua mapema. Katika miaka ya 1940 utawala wa Mwingereza uliwatoza kodi mpya kwa kadiri ya mali ya mtu, ukaiita mbiru, jina la ushuru wa kale wa watawala wao, ili ionekane kuwa ni mila. Maelfu wakateremka hadi makao ya wilaya, Same, wakapiga kambi, na hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Leo mkulima huambiwa kwamba mfereji wake wa udongo unavuja, kwa hiyo anaharibu maji. Lakini maji yanayovuja mlimani huingia ardhini, yakanywesha migomba na kulisha chemchemi. Ilhali ziwa la bwawa lililoanikwa juani tambarare hupoteza maji mengi kwa mvuke, wala hakuna anayeitwa mharibifu kwa ajili ya hayo.

Umeme tunauhitaji, wala siupingi. Ninalodai ni kwamba wazee wa ndiva waketi katika Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani wakiwa na kura, si wakiwa wasikilizaji, na hesabu ya maji yanayopotea ziwani isomwe mbele yao, katika kikao kile kile kinachosomewa hesabu ya mifereji.