Mkate unaomdhuru mtu: tumwulize nani?



Wako watoto wanaokula vizuri, wala hawanenepi. Tumbo limejaa, mikono na miguu ni myembamba, na choo chao ni kingi, cheupe-cheupe, chenye harufu mbaya. Mama humpeleka mtoto wa namna hiyo kwenye zahanati, hupewa dawa ya minyoo. Baada ya mwezi humrudisha, hupewa dawa ya minyoo tena. Tusimlaumu mganga, kwani katika nchi yetu hutenda vema akitafuta kwanza minyoo, amiba, kifua kikuu au bwaki. Hayo ndiyo anayoyaona kila siku. Lakini uko ugonjwa mwingine unaofanana na hayo, nao hauponi kwa dawa yoyote ya duka. Unaitwa seliaki.

Seliaki haiambukizi. Mtu huirithi asili yake katika ukoo, kisha huamshwa na chakula. Katika ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa ngano unate na kuvutika ukikandwa, hata mkate upate kuumuka. Kwa mtu mwenye seliaki, askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wakikutana na gluteni huushambulia utumbo wa mwenyewe. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo sana ndani yake, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hulala na kufutika, chakula kikapita bure. Ndipo mtoto hudumaa, huharisha, hukosa damu, na mifupa yake huwa dhaifu. Watu wazima wengine hawaharishi hata kidogo. Huwa na uchovu tu na upungufu wa damu usiokwisha.

Sasa sikilizeni habari ya ndizi, kwani inatufundisha neno kubwa. Mwaka 1924 mganga wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba watoto wa ugonjwa huo waliolishwa ndizi nyingi, wakakatazwa mikate na nafaka, walipata nafuu. Wazazi walifurahi, ndizi zikasifiwa kama dawa. Lakini sivyo. Ndizi hazikuponya kitu. Kilichowasaidia watoto ni kwamba mkate uliondolewa mezani. Kwa sababu watu hawakuijua sababu yenyewe, mtoto aliyekwisha kunenepa aliweza kurudishiwa mkate, na utumbo wake ukaharibika upya.

Aliyeivumbua sababu ni mganga wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, wa mji wa Den Haag. Tangu miaka kabla ya vita alikuwa akiishuku ngano. Katika masika ya baridi ya 1944 na 1945, njaa kali iliipata Uholanzi, mikate ikaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengine walikonda. Lakini hawa wa seliaki hali yao haikuwa mbaya kama ilivyotazamiwa, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke alitoa kitabu chake cha udaktari huko Utrecht, na pamoja na wenzake akaonyesha kwamba ngano na rai ndizo zinazodhuru.

Mtu asiseme, «Hayo ni mambo ya Wazungu.» Duniani kote hukadiriwa kwamba mtu 1 hivi kwa kila 100 ana seliaki, na wengi hawajui. Tena kati ya mataifa yaliyopimwa, walioonekana kuwa nayo sana ni Waafrika: Wasahrawi wa jangwani, wanaoishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, nchi ya Aljeria. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta seliaki kwa watoto karibu 6 katika kila 100. Zamani wazee wao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende; siku hizi chakula chao kikubwa ni mkate wa unga wa ngano. Nasi katika miji yetu, je, asubuhi tunawapa watoto nini? Mkate na mandazi.

Basi, mzazi afanye nini? Hapa ndipo wengi hukosea njia. Jirani husema, «Mwondolee mkate tu, utaona.» La! Mkate usiondolewe kabla ya kupimwa. Mganga hutafuta katika damu alama za vita vile vya mwilini, na pengine huchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira wenye taa unaopitishwa kinywani. Mtu aliyekwisha kuacha ngano, alama hizo hufifia, na kipimo husema hana kitu. Kipimo hiki hakipatikani katika kila kituo cha afya. Yafaa kumwomba mganga barua ya kwenda kwenye hospitali kubwa.

Ugonjwa ukithibitika, gluteni huachwa maisha yote. Mganga husema neno hilo kwa dakika moja. Kulitenda ni kazi ya kila mlo. Kwa hiyo mgonjwa aombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Wengine hudhani mtu huyu ni wa kupima uzito wa watoto wachanga tu, kumbe amesomea mambo haya. Mama amwandikie yote anayoyala mtoto kwa juma moja, hata anayopewa njiani na shuleni. Mtaalamu ataanza na habari njema: bukari ya mihogo au ya mahindi, mchele, ndizi, viazi, mtama, ulezi, maharagi, sombe, ndagala, vyote havina gluteni. Mzungu wa seliaki hununua unga wa pekee kwa bei kali. Sisi tunao shambani.

Kisha ataonyesha mitego. Kinu kilichosaga ngano kikisaga mihogo yako baadaye, unga umechanganyika. Mkate unaoitwa wa mihogo mara nyingi una ngano ndani. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya mandazi havifai. Makaroni, biskuti, bia ya shayiri, mchuzi wa soya, uji wa msaada uliotengenezwa kwa ngano: vyote asome karatasi yake au aulize. Kipimo cha mataifa kwa chakula kinachoitwa bila gluteni ni miligramu 20 katika kilo moja, tusiseme basi kwamba kipande kidogo hakidhuru. Mtaalamu huangalia pia damu, chokaa ya mifupa na kimo cha mtoto, naye atataka ndugu na wazazi wapimwe, maana ugonjwa hutembea katika jamaa. Mwanafunzi wa bweni apewe barua kwa mpishi.

Limebaki jambo la Komunyo. Ostia ni ya ngano. Barua ya Roma ya mwaka 2003, iliyokumbushwa tena mwaka 2017, yasema kwamba ostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa. Lakini ile yenye gluteni kidogo sana yafaa, mradi iwe mkate wa kweli. Asiyeweza hata hiyo aweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Ruhusa hutoka kwa Askofu. Lakini padri hutia kipande cha ostia katika kalisi yake. Mgonjwa huyu awekewe kalisi nyingine, na ostia yake ikae katika chombo chake, isiguswe na mkono ulioshika nyingine. Wazazi wamweleze padri hayo mapema, siku kadhaa kabla ya Komunyo ya kwanza, wasingoje mpaka mtoto amekwisha kusimama mbele ya altare.