Nikeli ya Kabanga: Tusinunue Uvumi wa Haidrojeni

Mfanyabiashara wa Bukoba au Muleba akiambiwa nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, itapanda bei kwa sababu ya haidrojeni, apige hesabu kwanza. Ni kweli, aloi ya nikeli na lanthani hufyonza gesi hiyo, huihifadhi, na huiachia ikipashwa moto. Lakini kilo 100 za aloi hubeba takriban kilo 1.4 tu. Kwa gari, huo ni mzigo mtupu. Mnunuzi mkuu wa nikeli ni viwanda vya chuma kisichoshika kutu, na wingi wa nikeli ya Indonesia uliangusha bei mwaka 2023. Ushauri wetu: mtaji mdogo usifukuze uvumi. Mgodi ukianza kazi, wachimbaji watakula ndizi, maharage na dagaa. Bidhaa hizo tunazo.