MALI YA KALE IKAE KWAO

Mwacha asili ni mtumwa, wasema wazee. Leo twataka kusema na wananchi wa Ngara na Biharamulo, hasa wafanya kazi wa migodi, wa barabara na wa mashamba, juu ya mali iliyo chini ya miguu yao: vitu vya kale vilivyomo ardhini.

Mwaka 1874 Ugiriki ilifanya mapatano na Ujerumani juu ya kufukua magofu ya Olympia. Wataalamu walikuwa Wajerumani na fedha zilikuwa zao, lakini vitu vitakavyoonekana vitabaki Ugiriki. Mwaka 1877 ikafukuliwa sanamu ya Hermes, nayo ingali Olympia hata leo, katika nyumba ya makumbusho ya mahali pale pale. Mgeni atakaye kuiona hana budi kufunga safari.

Sasa tutazame kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi. Watu wetu kwa mamia walifukua mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, wakaibeba hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin, na huko ziko mpaka leo. Mchimbaji ni yule yule. Tofauti ni kwamba Mgiriki alikuwa na serikali yake na kalamu mkononi. Sisi tulikuwa na mzigo kichwani.

Leo serikali ni yetu, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria isiyo na nyumba ya kuhifadhia ni ghala lisilo na paa.

Je, Kagera ina nini? Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wataalamu walifukua mabaki ya matanuri ya chuma ya yapata miaka 2,000, wakiongozwa na masimulizi ya wazee. Zama zile zile baharia mmoja aliandika kwa Kiyunani juu ya bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na mikuki iliyoletwa huko kutoka Arabuni. Hakujua kwamba magharibi ya ziwa wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe.

Ngara na Biharamulo ni jirani za nchi hiyo ya wahunzi. Ngara ina nikeli ya Kabanga, na mashine za mgodi hupindua kwa siku moja ardhi ambayo jembe lisingeipindua kwa miaka. Kwa hiyo twasema: mfanya kazi akiona mavi ya chuma au vigae vya kale, asivitupe wala asiviuze, bali atoe habari kwa wakuu. Walimu nao waandike masimulizi ya wazee kabla hayajazikwa. Na halmashauri zitenge mahali. Biharamulo lipo boma la Wajerumani. Kuta zilizojengwa ili kumtawala mwananchi zaweza kutunza kazi ya mikono ya babu zake.

Wako watakaouliza: maji na zahanati kwanza, vigae vya nini? Swali hilo ni la haki. Lakini chumba kimoja na kabati lenye kufuli havitaizuia zahanati. Zahanati isiyojengwa mwaka huu yaweza kujengwa mwakani. Kitu cha kale kikisagwa leo, hakuna bajeti itakayokirudisha. Mgiriki hakungoja atajirike ndipo aandike mapatano yake. Nasi tusingoje.