Nyeupe Nayo Hujutiwa

Mtu akipaka sebule yake rangi ya chungwa, kisha baada ya wiki mbili akaanza kuichukia, Bukavu nzima ina dawa moja ya kumpa. Jirani anayeingia kusalimia, shemeji aliyepanda kutoka Uvira, hata fundi yule yule aliyeipaka na kulipwa, wote hukumu yao ni moja: ungeweka nyeupe tu. Nyeupe haikosewi. Inakubaliana na kila kiti, kila pazia, kila mgeni. Anayejuta anainamisha kichwa, anatafuta pesa za ndoo nyingine, na chungwa linafunikwa kwa nyeupe, mikono mitatu. Miezi sita ikipita anajuta tena. Ila safari hii hasemi, kwa kuwa ameshaambiwa kwamba nyeupe haijutiwi.

Imani hiyo naikataa. Nyeupe hukosewa, na hapa kwetu hukosewa kuliko rangi nyingine yoyote. Kibaya zaidi, gharama ya kosa hilo huwaangukia watu ambao hawakuulizwa lolote siku ndoo iliponunuliwa.

Tutazame kwanza tunapoishi, hapa mashariki mwa Kongo. Maji ya ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kutoka hapo nyumba zetu zinapanda milima. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua inanyesha juu ya udongo mwekundu ambao katika kartie nyingi haujafunikwa kwa nyasi wala sima. Maji yanayodondoka kutoka ukingo wa bati lisilo na mfereji huupiga udongo huo, nao unaruka. Ukuta ndio unaoupokea. Pita barabara ya kutoka Essence kwenda Panzi mwezi wa Aprili: kila nyumba iliyopakwa nyeupe ina mkanda mwekundu unaofika magotini, na pale penye mteremko mkali unafika kiunoni. Mvua ikikoma, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara linakamilisha kazi upande wa juu. Hakuna fundi wa kulaumiwa hapo. Rangi iliyochaguliwa haikuijua ardhi inayosimama mbele yake.

Ndani kuna mbabula, jiko letu la makaa. Wachache sana kati yetu wanapika kwa umeme kila siku, na hata wenye jiko la umeme wanayo makaa kwenye mfuko nyuma ya mlango, maana SNEL, shirika la umeme, inaweza kukata wakati wowote. Mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi yapo hapo hapo chini ya mji, la kwanza tangu mwisho wa miaka ya 1950 na la pili tangu 1989, lakini nani katika Kadutu anapanga chakula cha jioni kwa kuyategemea? Basi mbabula inawashwa kwenye kibaraza, mvua ikinyesha inaingizwa ndani, na masizi yanapanda taratibu ukutani. Usiku ni mshumaa au kandili. Baada ya mwaka mmoja, ukuta mweupe juu ya mahali pa kupikia umekuwa na kivuli ambacho hakuna sabuni inayokitoa chote.

Jibu la watetezi wa nyeupe ni jepesi: si unaosha? Neno hilo ndilo linaloniudhi. Anaosha nani, na kwa maji yapi?

Katika sehemu kubwa ya mji huu, bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka, maji yanakuja kwa mgongo wa mtu. Bidoni la manjano la lita 20 linajazwa chemchemini, linafungwa kwa kamba au kitenge, na linapanda ngazi za udongo hadi mlangoni. Anayelibeba mara nyingi ni msichana, asubuhi kabla ya shule au jioni baada yake. Maji hayo yana kazi zinazosubiri: kupika, kuoga, kufua, kuosha vyombo. Sasa baba anarudi na ndoo ya nyeupe, anasifiwa kwa nyumba nzuri, na tangu siku hiyo kazi nyingine ya maji imezaliwa ndani ya nyumba bila mtu kuihesabu. Mama anasugua mkanda mwekundu nje. Binti anasugua alama za vidole kuzunguka swichi na mlango. Mtoto wa miaka minne aliyeshika ukuta kwa mkono wenye mawese anapigwa kofi. Nimeona watoto waliofundishwa kupita katikati ya korido mikono ikiwa imebana mbavuni, wasiguse kuta za nyumba yao wenyewe. Rangi inayomfanya mtoto aogope kwao si rangi salama, hata kama kiti cha sofa kinapendeza mbele yake.

Hoja ya pili inasema nyeupe inaleta mwanga. Hapo kuna ukweli, nami siufichi: hakuna rangi inayorudisha mwanga kuliko nyeupe. Lakini inarudisha mwanga ulioingia, haitengenezi mwingine. Chumba cha Nyamugo ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa matofali wa jirani, hatua mbili tu mbele, kinapokea mwanga uliokwisha kugonga matofali. Ukipaka nyeupe humo hupati weupe. Unapata kijivu chenye wekundu fulani wa kuchosha, na mwenye nyumba anadhani ameuziwa rangi mbovu. Chumba kinachotazama migomba kitakuwa na kijani hafifu mchana kutwa. Halafu usiku, umeme ukirudi, taa hizi mpya zenye mwanga wa kibuluu zinaufanya ukuta ule ule ufanane na wodi. Nyeupe ni rangi inayokopa sura kwa kila kilicho karibu nayo. Kwa hiyo ndiyo inayohitaji kujaribiwa mahali pake kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hakuna anayeijaribu.

Ushauri wenyewe tunauokota kwenye picha za simu, kutoka nyumba za Ulaya zenye madirisha ya kioo yanayofika sakafuni. Huko husema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na giza, kisaidiwe kwa weupe wenye umanjano. Bukavu iko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini kwa miezi mingi ya mwaka, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha linahamia kusini. Kinachoamua hapa ni mashariki na magharibi: jua linalotoka upande wa Rwanda na kuingia chumbani asubuhi likiwa limelala, na milima ya magharibi inayolimeza jioni kabla hatujawa tayari. Anayefuata kanuni ya Paris kuchagua rangi ya Bagira anapaka nyumba isiyokuwepo.

Wengine hutaja pwani. Si Lamu ni nyeupe, si Zanzibar? Ndiyo, na huko nyeupe ina haki zote. Ile ni chokaa iliyochomwa kutoka mawe ya matumbawe ya huko huko, ikapakwa na kurudiwa kila ilipochakaa. Inaacha ukuta upumue, na ukali wake haupatani na kuvu. Juu ya hayo, pwani kuna joto, na ukuta mweupe unalirudisha jua lilikotoka. Ndivyo ilivyo hata Muscat huko Omani, ambako manispaa inataka majengo yabaki katika weupe na rangi za mchanga. Lakini Bukavu wastani wa joto ni nyuzi 19 au 20 hivi. Hapa tunatafuta sweta mwezi wa Juni! Tunalikimbiza joto gani? Nasi hatupaki chokaa ya matumbawe. Tunapaka lateksi juu ya krepi, plasta ya sima, ambayo mara nyingi haijakauka, kwa sababu mgeni anakuja Jumamosi. Unyevu unabaki ndani, rangi inavimba, inabanduka, na kuvu jeusi linaanzia pembeni nyuma ya kabati. Kuvu hilo lingeota chini ya rangi yoyote. Juu ya nyeupe linaonekana kutoka mlangoni.

Naamini nguvu ya nyeupe haitokani na macho, inatokana na heshima. Nyeupe inasomeka kama usafi, na usafi kama tabia njema. Mwaka 1925 Le Corbusier, mbunifu wa majengo aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Ufaransa, aliandika kitabu akitaka kila raia avue mapazia na karatasi za ukutani, aweke mkono wa rangi nyeupe ya Ripolin, nyumba iwe safi na moyo nao usafike. Maneno yalienea. Kilichosahauliwa ni kwamba miaka hiyo hiyo, huko Pessac karibu na Bordeaux, nyumba za wafanyakazi alizozijenga mwenyewe zilipakwa kahawia, buluu na kijani pamoja na nyeupe. Hata rangi nyeupe yenyewe haikuwa na usafi huo: kwa karne nyingi ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ikiwaua mafundi polepole, mpaka mwaka 1921 mkataba wa kimataifa wa kazi ukapitishwa Geneva kuizuia isipakwe ndani ya majengo. (Mwenye nyumba ya zamani, ya enzi mji huu ulipoitwa Costermansville, asikwangue rangi ya chini ikiwa kavu huku watoto wako ndani. Ailoweshe kwanza, na vumbi lake alizoe lote.)

Na hapa Bukavu heshima hiyo ina anwani. Enzi za ukoloni Wazungu walijiwekea rasi zinazoingia ziwani, Waafrika wakapangiwa Kadutu na baadaye Bagira. Hadi leo, nyumba nyeupe tunayoitamani ni ile ya Muhumba: ina bustani ya nyasi mbele, mfereji kwenye bati, sakafu ya mawe kuzunguka ukuta, na mtu anayelipwa kumwagilia na kufagia. Nyeupe yake inabaki nyeupe kwa sababu ya vitu hivyo vyote. Sisi tukapanda nayo Cimpunda tukiwa tumechukua rangi peke yake.

Kuna fundi mmoja wa Nguba ambaye hoja yake naiheshimu zaidi ya zote. Anasema rangi za kuchanganya ni taabu: unaweka kolora, rangi ya kukoleza, kwenye ndoo kwa jicho, ndoo ya pili haifanani na ya kwanza, na ukuta ukiharibika hupati tena rangi ile. Nyeupe unanunua nyingine tu, unaziba. Ni kweli kuhusu ndoo mbili. Dawa yake ni kuchanganya rangi yote ya chumba katika pipa moja kabla ya kugusa ukuta, na kufungia lita mbili za akiba kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kuhusu kuziba nyeupe, si kweli. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano, na hugeuka zaidi gizani: nyuma ya kabati, kwenye korido, karibu na jiko. Ziba hapo kwa nyeupe mpya, kiraka kinakutazama kila siku. Na nyufa je? Tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 kila mwenye nyumba mji huu anajua ufa ni nini, na wakazi wa Funu wanajua kwamba mlima wao wenyewe unatembea taratibu. Ufa mwembamba juu ya nyeupe isiyo na doa ni kama wino juu ya karatasi.

Tunachokitafuta tayari tunacho, tena tunakidharau. Ingia shule yoyote ya zamani ya mji huu: chini, hadi kifuani mwa mtoto, ukuta una rangi ya mafuta iliyokolea, kahawia, kijivu au kijani kizito, juu yake rangi hafifu, dari nyeupe. Watu hucheka nyumba iliyopakwa hivyo, wanasema imekuwa dispensari. Lakini aliyebuni mpango ule aliwajua watoto, matope, ndoo na migongo ya viti. Chini panafutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Juu panaleta mwanga. Dari, ambako hakuna mkono unaofika, ndiko nyeupe inakostahili, na huko naitetea kwa moyo wote. Nje, mkanda wa chini upakwe rangi ya udongo wenyewe. Juu yake weka manjano ya mfinyanzi, kijani cha majani yaliyokauka, buluu yenye ukijivu wa ziwa asubuhi. Unaogopa utajuta? Nunua kopo dogo, paka ukutani kipande cha upana wa mkono mzima, kikae wiki moja. Kitazame saa moja asubuhi, kitazame mvua ikinyesha, kitazame kwa mshumaa. Yule aliyeijutia rangi ya chungwa hakukosea kwa kupenda chungwa. Aliichagua kwenye kadi ya dukani, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chini ya taa isiyo ya kwake.

Najua nitaambiwa: baada ya yote yaliyotupata, tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, nani ana moyo wa kuzungumzia rangi? Asiye na pesa ndiye anayepaswa kuizungumzia. Mwenye nazo akikosea atapaka upya mwezi ujao. Familia iliyoweka akiba mwaka mzima kwa ndoo tatu haina nafasi ya kukosea mara mbili, na kuiambia kwamba kuna rangi isiyokosewa ni kuipora.

Wenye nyumba za kupangisha ndio ninaowalaumu kuliko wote. Mpangaji anaingia, kuta ni nyeupe kuanzia sakafu hadi dari, mkono mmoja wa maji maji uliopakwa jana yake. Anakaa miaka miwili na watoto wake. Siku ya kuhama, mwenye nyumba anapita na kidole, anaonyesha mkanda mwekundu wa nje, masizi ya jikoni, alama karibu na swichi, na garanti aliyoiweka alipoingia inakatwa mpaka inakwisha. Matope yaliyorushwa na bati lisilo na mfereji hayakuletwa na mpangaji. Masizi ya mbabula katika nyumba isiyo na jiko lenye dirisha si uzembe wake. Anayetaka kuta nyeupe aweke mfereji, amwage sima mita moja kuzunguka msingi, atoboe dirisha la jikoni. Asipofanya hayo, apake chini rangi iliyokolea, na siku ya kuhama amrudishie mwenzake garanti yote.