Kujiamini Gani Huku?

Napenda kutoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo ambalo sisi wavulana hulizungumza sana bwenini taa zikiisha kuzimwa, lakini sijaliona likiandikwa hapa. Jambo lenyewe ni namna tunavyowaendea wasichana, na hiyo tabia tunayoiita kujiamini. Najua wako wazazi watakaosoma na kuuliza, je, mtoto wa shule ana haja gani na habari za kutongoza? Swali lao ni la haki. Tumeletwa hapa kusoma. Lakini jambo hili limo humu, tuliandike tusiliandike, na madhara yake yamefika hata katika daftari la wachelewaji, nami ndiye niliyekuwa nikilishika daftari hilo.

Likizo ya Desemba nilikaa Tanga kwa binamu yangu, ambaye ana simu nzuri. Kila usiku tulitazama video za walimu wa Kimarekani wanaowafundisha wanaume namna ya kuwapata wanawake. Simama hivi, shusha sauti, usiombe ruhusa. Mwanamke akiwa mzuri mtie kasoro kidogo ajione mdogo, ndipo atake kukupendeza. Akisema hapana, usiondoke, maana hapana yake ni mtihani tu. Binamu yangu aliyashika hayo kama mtu ashikavyo kanuni za fizikia, na mimi, naungama, niliandika mengine katika daftari.

Baadaye nilichunguza maarifa hayo yametoka wapi. Mengi yalienea ulimwenguni kwa kitabu kiitwacho The Game, kilichotolewa mwaka 2005 na mwandishi wa magazeti wa Marekani, Neil Strauss, ambaye alijiunga na watu wa mbinu hizo akawa mmoja wa mabingwa wao. Yale ambayo binamu yangu hakunionyesha ni haya: mwaka 2015 bwana huyo huyo alitoa kitabu kingine, The Truth, akasimulia jinsi alivyoshindwa kuwa mwaminifu kwa mwenzi wake hata akaenda mahali pa matibabu. Na mwalimu mwingine wa mbinu, Julien Blanc, Novemba 2014 alifutiwa ruhusa ya kukaa Australia na kunyimwa ruhusa ya kuingia Uingereza, baada ya watu kuona video zake akiwashika wanawake kwa nguvu. Hao ndio waliokuwa walimu wetu usiku kule Tanga.

Shule ilipofunguliwa Januari nilitaka kujaribu elimu yangu. Yuko msichana mmoja katika darasa letu, jina lake silitaji, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Baada ya chakula cha mchana alikuwa akikaa chini ya mwembe na wenzetu wanne watano, wavulana na wasichana, akitueleza yaliyotushinda. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mkebe wake wa hesabu ulikuwa mkononi mwangu zaidi kuliko mkononi mwake. Basi siku moja, mbele ya wote, nikamwambia, "Kumbe na wewe unajua kukokotoa! Mimi nilidhani wasichana mnakariri tu." Halafu nikaongeza ya kuwa angekuwa mzuri sana kama angejifunza kutabasamu. Wavulana walicheka. Yeye naye alicheka kidogo, akamaliza hesabu aliyokuwa akiieleza, akafunga daftari lake.

Mimi nikaona nimeshinda. Usiku nilimsimulia mwenzangu wa kitanda cha juu jinsi mbinu ilivyofanya kazi.

Kesho yake hakuja chini ya mwembe, wala siku ya pili, wala juma lililofuata. Alama zangu za hesabu za muhula ule ziko kwa Mwalimu, wala sina hamu ya kuzitaja. Lakini wenzangu wale wengine, ambao hawakusema neno lolote baya, nao walimkosa mwalimu wao kwa ajili ya ulimi wangu.

Sasa nitaeleza habari ya daftari. Wasomaji wasioijua shule yetu wafahamu ya kuwa njia ya saruji kutoka bweni la wasichana mpaka uwanja wa mstari hupita mbele ya baraza ya maabara. Asubuhi, baada ya uji, wavulana kama kumi na watano husimama pale barazani mpaka kengele. Wasichana wakipita, mmoja husifu mwendo, mwingine hutoa alama juu ya kumi, mwingine huita jina la msichana na kulijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba. Mimi pia nimesimama pale. Hatukudhani ni jambo baya. Tulidhani ni uchangamfu.

Nilipopewa ukiranja, kazi yangu ikawa kuandika majina ya wanaochelewa mstarini na wenye viatu vichafu. Mwezi wa Machi, masika yalipoanza, niliona ajabu: wasichana waliandikwa mara nyingi kuliko wavulana, tena karibu wote walikuwa na tope mpaka kwenye soksi. Adhabu yao ilikuwa kufyeka majani au kusafisha vyoo wakati wenzao wakijisomea. Nami nilikuwa nikisema waziwazi, "Mabinti hawa wanajipamba mno asubuhi." Na yule hodari wa hesabu nilimwandika mara nne.

Siku moja nilitumwa jikoni kuulizia maharage. Nyuma ya jiko, kando ya shimo la majivu, nikaona kijia kimechimbika kwa nyayo nyingi ndogo ndogo. Nilikuwa nikikitazama mama mpishi aliponiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini kwenye tope?"

Nikamwambia nashangaa nani anapita huku.

"Wanapita dada zenu," akasema. "Wanazunguka huku wasipite mbele yenu pale barazani. Yule mwembamba anayefundisha wenziwe hesabu ndiye aliyeanza. Sasa wanafuatana kama siafu."

Nilizipima njia zote mbili kwa hatua zangu. Ile ya saruji ni hatua mia moja na ishirini. Ile ya nyuma ya jiko ni mia nne na kitu, na nusu yake ni tope. Yaani sisi tuliwafukuza njiani, kisha mimi nikawaandika kwa kuchelewa, kisha wakasafisha vyoo. Siku ile maharage niliyasahau, ikanibidi nirudi tena jikoni kuulizia.

Labda msomaji atasema, ah, huyu anakuza mambo, mbona wasichana wengine hucheka? Hata mimi nilikuwa na hoja hiyo. Likizo fupi nilipofika nyumbani nilimwuliza dada yangu, ambaye anasoma shule nyingine, kwa nini wasichana hucheka wakitupiwa maneno. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufunua mwavuli wakati wa mvua. Akasema, "Nacheka nipate kupita, kaka. Nikinuna wataniandama, nikijibu watanitukana, nikicheka wataniacha."

Jibu hilo lilinitia aibu kuliko adhabu yoyote niliyopata kupewa.

Tena nimefikiri sana juu ya neno lenyewe, kujiamini. Wale kumi na watano wa barazani nawajua mmoja mmoja. Mkute yeyote peke yake, msichana akimjia kumwuliza habari ya kitabu, utamwona akijikuna kisogo na kutazama viatu vyake. Nguvu ile ya barazani ni ya kundi, wala si yake. Na hizo mbinu za simu nazo ni hivyo hivyo: mtu anayeogopa kuambiwa hapana anafundishwa njia za kuhakikisha kwamba hapana haisemwi, au ikisemwa haisikiwi. Mimi nilimtia kasoro yule msichana kwa sababu niliogopa kumwambia neno rahisi lililo kweli, ya kuwa anaeleza hesabu vizuri na namshukuru. Hilo lingenitaka ujasiri. Kumcheka mbele za watu hakukunigharimu kitu, kwa wakati ule.

Wazee wetu walikuwa na mshenga. Kijana hakusimama njiani kupiga miluzi. Mtu mzima alitumwa na maneno ya adabu, na upande wa pili ulipewa siku za kufikiri, na jibu likiwa hapana lilirudi polepole bila ya mtu kuaibishwa. Sisemi mambo ya zamani yote yalikuwa mema, kwa kuwa mara nyingi waliojibu ni baba na wajomba, na binti mwenyewe hakuulizwa. Lakini ile desturi ya kungojea jibu, na kulikubali lilivyo, tumeiacha, tukashika ya binamu yangu.

Na jambo hili haliishii barazani. Jioni wasichana wa kutwa hurudi makwao, na kwenye njia panda huwako watu wazima wenye pikipiki ambao huwaita kwa maneno yale yale tunayotumia sisi, ila wao hawafanyi mzaha. Humpa mtoto wa shule lifti, kesho chipsi, kesho kutwa wanadai malipo. Sheria zipo: tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu ya Tanzania inaweka kifungo cha miaka thelathini kwa mtu anayempa mwanafunzi mimba, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya hata maneno ya kumbughudhi mtu kijinsia kuwa kosa la jinai. Lakini msichana ambaye kila asubuhi tumemzoeza kucheka apate kupita, jioni akisimamishwa na mtu mzima tunataka afanye nini? Kila mtu atamwuliza kwa nini hakukataa kwa sauti. Sauti hiyo aliitumia wapi akasikilizwa?

Napenda kusema neno kwa walimu na wazazi pia, nao wanisamehe. Nyumbani kwetu dada yangu amefundishwa tangu utotoni jinsi ya kukaa, kuvaa, kupita na kunyamaza. Mimi sikumbuki kuketishwa hata siku moja nikaambiwa jinsi ya kusema na msichana. Mashairi yetu ya zamani yana wosia maarufu wa mama kwa binti, Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Marehemu Shaaban Robert alipomtungia binti yake utenzi wa Hati, alimtungia na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Katika nyumba nyingi hiyo sehemu ya pili hairithiwi, na pengo hilo limejazwa na simu. Hapa shuleni nako, jambo likitokea, kwanza hupimwa urefu wa sketi.

Wenzangu wengine wameniuliza, basi tusiseme nao kabisa? Hapana. Msichana msalimu kama unavyomsalimu mvulana, mwulize habari ya somo, akisema vizuri msifu kwa alilosema. Na huko mbele, tukiisha kumaliza shule na kila mtu akijitegemea, kijana akimpenda mtu amwambie mara moja, kwa maneno yaliyo wazi, mahali ambapo yule mtu anaweza kuondoka akitaka. Akijibu hapana, amwamkie kesho yake kama alivyomwamkia jana. Sijui kwenye mtandao mwalimu wa kufundisha hilo, labda kwa kuwa halijazi hata dakika mbili za video.

Nililipeleka daftari kwa Mwalimu wa zamu, nikamweleza habari za kijia. Aliniuliza kwa nini wasichana hawakusema. Nikamjibu ya kuwa aliyekuwa akiandika majina yao ni mimi. Alinyamaza kidogo, akasema yaliyoandikwa yameandikwa, lakini adhabu zisimame mpaka jambo lifikishwe kwenye kikao cha walimu. Kikao hakijakaa bado. Barazani wavulana wamepungua, ingawa wako watano sita ambao hawataki kuhama, na wameniita msaliti mara nyingi hata nimezoea.

Kwa yule msichana nilikwenda mchana, wenzetu wakiwapo, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele yao. Nilisema nililomkosea ni nini, nikaomba radhi. Nilitazamia ama atalia ama atacheka, kama kwenye sinema. Alisema, "Nimesikia, kaka kiranja." Halafu akasema mkebe wake wa hesabu ninao tangu Januari, anauhitaji kwa ajili ya mtihani. Nilikwenda bwenini nikaleta. Bikari ilikuwa imepotea, nikamwahidi kununua nyingine siku ya soko.

Chini ya mwembe bado hajarudi.